Mbegu Zetu Ziko Kwenye Barafu

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, Nairobi



Wale wenye umri wa kukumbuka, naomba mrudi nami hadi Jumanne, tarehe 26 Februari 2008. Siku hiyo mpatanishi Kofi Annan alisimamisha mazungumzo ya kutafuta amani baada ya vurugu za uchaguzi. Huku kwetu Eastlands kulikuwa na watu ambao bado walilala kwenye viwanja vya makanisa na vya machifu, godoro limeviringishwa kando, watoto hawajui shule wataifungulia wapi. Hakuna aliyejua kama usiku ule ungekucha salama.

Siku hiyohiyo, karibu kilomita 9,000 kaskazini mwa ukumbi huu, mwanamke Mkenya alikuwa anaingia ndani ya mlima uliofunikwa na theluji. Alikuwa Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Alifuatana na Jens Stoltenberg, waziri mkuu wa Norway wakati huo, na wawili hao ndio waliopeleka sanduku la kwanza la mbegu katika ghala jipya lililochimbwa ndani ya mwamba. Siku mbili baadaye, tarehe 28 Februari, mkataba wa amani ulitiwa saini kwenye ngazi za Harambee House. Picha ya ngazi zile kila Mkenya anaijua. Ya sanduku la mbegu ni wachache walioiona, na ndiyo iliyonifanya nisome habari za visiwa vinavyoitwa Svalbard kwa miaka mingi sasa. Leo nataka niwaeleze nilichokipata huko, kwa sababu naamini kinatuhusu sisi wa Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Mbotela kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mahali penyewe. Svalbard ni kundi la visiwa katika Bahari ya Aktiki, kati ya Norway na Ncha ya Kaskazini. Kisiwa kikubwa ni Spitsbergen, kisha kuna Nordaustlandet, Edgeøya, Barentsøya na vingine vidogo. Ukivikusanya vyote unapata kilomita za mraba 61,000 na kitu, yaani eneo dogo kidogo kuliko Kaunti ya Turkana. Asilimia 60 hivi ya ardhi hiyo imelaliwa na barafu. Wakazi hawafiki 3,000. Maghorofa machache ya mtaa wa Pipeline yanatosha kuwameza wote na vyumba vikabaki. Wengi wao wako katika mji mmoja, Longyearbyen, ulio kilomita 1,300 tu kutoka nchani mwa dunia. Ukitoka nje ya mji huo sharti uwe na kitu cha kumtisha dubu mweupe, na watu wengi hubeba bunduki, kwa maana dubu ndiye mwenye njia.

Kuna jambo moja la huko ambalo msemaji wa Kiswahili hulihisi haraka kuliko mtu mwingine. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Jua likichomoza, muda mfupi baadaye ni saa moja; likizama, tunaanza kuhesabu upya. Hesabu hii inafaa kabisa hapa Nairobi, nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati uleule Januari hadi Desemba. Sasa ichukue saa yako uende nayo Longyearbyen. Mwishoni mwa Oktoba jua linazama na halichomozi tena hadi katikati ya Februari. Hata hapo mji wenyewe haulioni, maana umezungukwa na milima. Watu wanasubiri hadi tarehe 8 Machi hivi, wanakusanyika kwenye ngazi zilizobaki za hospitali ya zamani, watoto wamepakwa rangi ya njano usoni, wanalingoja jua kama tunavyomngoja mgeni stendi. Kisha kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi wiki ya tatu ya Agosti jua halizami kabisa. Saa moja ya Kiswahili huko, kwa miezi mingi ya mwaka, haiji kabisa. Nikilifikiria hilo naona jinsi lugha yetu ilivyozaliwa mahali mahususi, chini ya jua mahususi, na naipenda zaidi.

Mtu ataniuliza, watu wanafikaje mahali kama pale? Ni kwa sababu ya bahari. Mkondo wa maji ya uvuguvugu hupanda kutoka kusini na kupitia pwani ya magharibi ya Spitsbergen, kwa hiyo pwani hiyo huwa wazi bila barafu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mahali pengi pengine palipo kaskazini kiasi hicho meli hupita kwa shida.

Na kuna siri iliyo chini ya ardhi. Milima ya Svalbard ina makaa ya mawe, na makaa ya mawe ni misitu ya kale iliyozikwa na kubanwa. Msitu umeota wapi kwenye barafu? Wanajiolojia wamechimbua huko visiki vya miti ya miaka milioni 380 iliyopita, vimesimama pale vilipoota, na wanatueleza kwamba wakati huo ardhi ile ilikuwa karibu na ikweta. Mabamba ya dunia yamekuwa yakitambaa tangu hapo, polepole kama ukucha unavyokua, hadi yakaifikisha kaskazini. Kwa hiyo visiwa tunavyoviita mwisho wa dunia viliwahi kukaa kwenye joto letu. Sijui kama mtoto wa darasa la nne aweza kupewa somo la jiografia zuri kuliko hilo.

Sasa historia. Jina Svalbard ni la Kinorse cha kale, maana yake ukingo wa baridi, na linatajwa katika kumbukumbu za Iceland kwenye habari za mwaka 1194, ingawa wataalamu wanabishana kama ni visiwa hivihivi vilivyokusudiwa. Kuonekana kusiko na ubishi ni kwa tarehe 17 Juni 1596, Mholanzi Willem Barentsz alipoviona vilele vilivyochongoka akavipa jina hilo: Spitsbergen, milima iliyochongoka. Barentsz hakuwa anatafuta barafu. Alikuwa anatafuta njia ya kwenda Asia kupitia kaskazini. Na kwa nini Waholanzi waliihangaikia njia ya kaskazini? Kwa sababu njia ya kusini, ile inayozunguka Afrika na kupita pwani yetu, Wareno walikuwa wameikalia. Mwaka 1593, miaka mitatu tu kabla, Wareno walikuwa wameanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Tunasoma Fort Jesus kama habari ya pwani, nayo Spitsbergen kama habari ya Ulaya, kumbe ni biashara ileile ya viungo na hariri iliyofunga mlango huku ikawasukuma wengine kule.

Barentsz hakurudi nyumbani. Alikufa mwaka uliofuata baada ya kunaswa na barafu mashariki zaidi, Novaya Zemlya. Baada yake walikuja wawinda nyangumi. Waingereza, Waholanzi, Wadeni, Wafaransa walifika kila kiangazi, wakamwinda nyangumi mwenye mafuta mengi na mwendo wa taratibu. Waholanzi walijenga kituo cha kuchemshia mafuta wakakiita Smeerenburg, mji wa mafuta. Mafuta yale yaliwasha taa za Ulaya na kutengeneza sabuni yake. Kazi ilifanywa kwa bidii kiasi kwamba nyangumi wale karibu waishe kabisa katika maji yale. Walipopungua, mji ukaachwa. Wakafuata Warusi wa pwani ya kaskazini, waliokuja kuwinda mbweha na sili na kukaa msimu mzima wa giza, na baadaye wawindaji wa Norway. Kila kundi lilikuja kuchukua kitu, na kitu kilipokwisha likaondoka.

Jambo la kushika hapa ni kwamba Svalbard haikuwa na wenyeji. Wanaakiolojia hawajapata kabila lililoishi pale kabla ya wawindaji hao. Ilikuwa kweli ardhi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1901 Mmarekani tajiri, John Munro Longyear, alipita huko kama mtalii, akaona makaa ya mawe, akarudi na mtaji. Mwaka 1906 kampuni yake ilianzisha mgodi na kijiji chenye jina lake, ndicho Longyearbyen. Mwaka 1916 aliuza yote kwa kampuni ya Norway, Store Norske. Makaa yakishachimbwa, swali linakuja: nani mwenye ardhi?

Jibu lilipatikana Paris tarehe 9 Februari 1920. Mkataba wa Svalbard uliipa Norway mamlaka juu ya visiwa, lakini kwa masharti. Raia wa kila nchi iliyotia saini wana haki sawa ya kuwinda, kuvua, kuchimba na kufanya biashara. Kodi inayokusanywa huko itumike hukohuko. Visiwa visitumiwe kwa vita wala visijengwe ngome. Mkataba ulianza kazi Agosti 1925 na nchi zimeendelea kujiunga. Kutoka bara letu Misri na Afrika Kusini zimo.

Niliposoma tarehe hiyo nililazimika kuweka kitabu chini. 1920! Mwaka huohuo ndio eneo letu, lililoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, lilipogeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imeshawapa walowezi hati za miaka 999, na kipande, kile kitambulisho cha kazi, ndiyo kwanza kilikuwa kinafungwa shingoni mwa baba zetu. Fikirini jambo hili kwa makini. Katika mwaka mmoja, wakubwa wa Ulaya walitazama ardhi mbili. Ile ambayo kweli haikuwa na watu walikaa mezani, wakajadiliana kwa heshima, wakaandika usawa, wakaandika amani. Hii ambayo ilikuwa na watu, na mifugo, na makaburi ya mababu, waliiandika kana kwamba ni tupu. Nawaheshimu waliouandika Mkataba wa Svalbard, maana umedumu kwa muda mrefu. Lakini siwezi kuusoma bila kuona kwamba walijua jinsi ya kuandika haki. Walijua vizuri kabisa.

Sasa naomba tufike mjini Longyearbyen wenyewe, maana hapa ndipo mtu wa Eastlands anapojiona kwenye kioo.

Longyearbyen ulikuwa mji wa kampuni. Nyumba zilikuwa za kampuni, duka la kampuni, hata noti za kununulia dukani zilichapishwa na kampuni kwa miongo kadhaa. Ukipata kazi unapata kitanda. Kazi ikiisha, kitanda kimeisha. Hadi leo nyumba nyingi huko zimefungamana na ajira. Visa haihitajiki kuishi Svalbard, na ndiyo maana utakuta Wathai na Wafilipino wengi, ingawa mtu wa kwetu atahitaji visa ya kupitia Norway bara ili afike. Lakini hakuna msaada wa jamii kwa asiyeweza kujitegemea, na gavana ana uwezo wa kumwondoa asiye na njia ya kujikimu. Hakuna nyumba ya wazee. Wajawazito huondoka wiki kadhaa kabla ya kujifungua waende bara. Huo ni mji wa watu wenye nguvu za kufanya kazi. Ukidhoofika, rudi ulikotoka.

Wazee, mmenielewa? Huu ukumbi tulioketi ulijengwa katika miaka ya 1940 kama moyo wa mtaa wa Kaloleni, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishiriki kuujenga mtaa huu. Ni mtaa mzuri, una miti, una nafasi, na nyumba zake ziliwekwa kwa mviringo. Lakini kabla na baada yake, Eastlands iliwekwa hapa kwa fikra ileile ya Longyearbyen: Mwafrika yuko mjini kwa ajili ya kazi. Landi za reli, vyumba vya wanaume wasio na wake, kitanda juu ya kitanda. Mke abaki rizavu. Mtoto abaki rizavu. Ukizeeka, rizavu. Ni Pumwani tu, pale Majengo, ambako watu wetu waliruhusiwa tangu miaka ya 1920 kujijengea nyumba zao wenyewe, na hata hapo ardhi haikuwa yao.

Baba yangu alikuwa na nyumba ya aina hiyo, chumba kimoja katika mtaa usio mbali na hapa. Alifanya kazi miaka 29. Alipostaafu alipewa barua na siku chache za kutoa vyombo. Nakumbuka kabati likikataa kupita mlangoni, na yeye, mtu mwenye nguvu, akiketi juu ya mkebe wa rangi akiwa kimya. Nilikuwa na miaka 14. Nilichokiona siku ile sikuwa na jina lake. Nilikuja kulielewa nikisoma kuhusu wachimba makaa wa Aktiki, watu wasionifahamu, ambao nao walipakia masanduku yao melini siku mkataba wa kazi ulipokwisha.

Tofauti ni kwamba sisi hatukuondoka. Wake walikuja hata hivyo. Watoto walizaliwa hapa, wakasoma hapa, na wajukuu wa watu walioambiwa wasikae ndio mnaojaza ukumbi huu. Serikali ya Norway mwaka 2022 iliwaondolea wageni wengi wa Longyearbyen kura katika uchaguzi wa mji wao, isipokuwa waliowahi kuishi Norway bara miaka mitatu. Mtu aliyeishi pale miaka kumi, amelea watoto pale, hana sauti juu ya barabara inayopita mbele ya mlango wake. Hilo naliona kosa, na nadhani mtu yeyote aliyelelewa Eastlands ataliona hivyo bila kuelezwa mara mbili.

Kuna uvumi kwamba huko ni hatia kufa. Si kweli. Lililo kweli ni kwamba makaburi ya zamani yalifungwa kwa maziko ya kawaida mwaka 1950, kwa kuwa udongo ule umeganda mwaka mzima. Mwili hauozi, na barafu huusukuma juu polepole. Katika makaburi hayo wamelala vijana saba waliokuja kuchimba makaa Oktoba 1918, wakauawa na homa kali ya mwaka ule kabla hawajaanza kazi. Ni homa ileile iliyoingia Mombasa kwa meli mwaka huohuo na kusambaa kwa reli hadi bara. Mwaka 1998 wanasayansi walikwenda kuwafukua wakitafuta mabaki ya virusi. Ardhi isiyoruhusu mtu kuoza ndiyo iliyowapa watu wazo la kuhifadhi.

Na hivyo tunarudi kwenye sanduku la Wangari.

Ghala la Mbegu la Dunia liko juu ya uwanja wa ndege wa Longyearbyen, mita 130 hivi kutoka usawa wa bahari, ili bahari ikipanda isilifikie. Nje unaona ukuta mwembamba wa zege umechomoza kwenye theluji. Ndani kuna njia ndefu ya zaidi ya mita 100 inayoingia mlimani, kisha vyumba vitatu. Mwamba wenyewe una baridi chini ya sifuri, na mashine huongeza baridi hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, mlima huendelea kuzilinda mbegu kwa muda mrefu. Limejengwa kubeba aina milioni 4.5, hadi sasa zimefika zaidi ya milioni 1.3. Sanduku linalopelekwa na nchi ni la nchi hiyo: Norway inalitunza bila malipo, lakini hairuhusiwi kulifungua, wala jirani haruhusiwi.

Kenya imo. Benki yetu ya taifa ya mbegu iko Muguga, chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kilomita 30 hivi kutoka hapa, na imepeleka nakala za mbegu zake Svalbard. Kituo cha utafiti wa miti na kilimo kilichoko Gigiri nacho kimepeleka mbegu za miti. Zingatieni neno nakala. Ghala la barafu ni la akiba tu. Asili ibaki nyumbani.

Kwamba akiba hiyo ina kazi tuliona mwaka 2015. Kituo cha utafiti wa kilimo cha ICARDA kilikuwa na hazina kubwa ya mbegu za ngano, shayiri, dengu na kunde za nchi kavu, karibu na mji wa Aleppo, Syria. Vita vikaja. Wafanyakazi hawakuweza tena kuendesha kituo chao, lakini walikuwa wameshatuma nakala kaskazini. Wakawa wa kwanza kuomba masanduku yao yarudishwe. Wakazipanda mbegu Lebanon na Morocco, wakavuna, na mwaka 2017 wakarudisha nakala mpya Svalbard. Hapo ndipo ninapouona mkono wa Wangari vizuri. Nchi yake ilikuwa inaungua siku ile alipobeba sanduku. Yeye aliyepanda miti tangu 1977 alijua kwamba vita vikipita, watu hurudi shambani wakiuliza: tupande nini?

Lakini msidhani mlima ule ni salama kwa sababu uko mbali. Svalbard inapata joto kwa kasi inayozidi wastani wa dunia mara sita au saba. Oktoba 2016 joto na mvua visivyo vya kawaida viliyeyusha udongo ulioganda na maji yakaingia kwenye njia ya ghala. Hayakuzifikia mbegu, lakini Norway ililazimika kuijenga upya njia ile. Desemba 2015 theluji iliporomoka kutoka mlimani asubuhi, ikazisukuma nyumba 11 za Longyearbyen na kuua watu wawili. Baadaye nyumba 140 hivi zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa kwenye njia ya maporomoko. Tuliopoteza majirani kwenye mafuriko ya Aprili na Mei 2024, na walioona tingatinga likija baadaye kando ya mto, tunajua siku kama ile inavyokuwa. Na barafu yetu wenyewe inaondoka. Kwenye Mlima Kenya, barafu ya Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kuna asubuhi, mvua ikiwa imesafisha hewa, unapouona mlima ule kutoka kwenye ghorofa za juu za Eastlands. Watazameni wajukuu zenu wakiutazama. Weupe ule hawataurithi.

Kwa nini basi nimewaita kuzungumzia mbegu, mahali ambapo shamba letu ni gunia la udongo nje ya mlango?

Kwa sababu mama yangu alihifadhi mbegu katika chumba kile kimoja. Alikuwa na kunde kwenye mkebe wa Blue Band, zimechanganywa na jivu, na mfuniko umefungwa kwa mpira. Nyanya yangu kijijini alikuwa na kibuyu juu ya meko, moshi ukikipitia kila siku ili mdudu asiingie. Jivu na moshi na ukavu: hiyo ni sayansi ileile ya Svalbard, isipokuwa mashine yake ilikuwa moto wa kupikia. Nendeni Muthurwa au Gikomba asubuhi mkaone managu, terere, saga, mrenda na kunde zinavyopangwa. Kila fungu lina mwanamke aliyechagua mmea uliokomaa, akauacha usichumwe, akapura mbegu, akampa dada yake. Mboga hizi hazikufika kwetu katika pakiti.

Na kwa miaka zaidi ya kumi, kitendo hicho cha kumpa dada yako kilikuwa hatarini kisheria. Sheria ya mbegu, ilivyorekebishwa mwaka 2012, iliweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili kwa anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na katiba. Wakulima hao hawana sanamu mjini. Kwangu mimi wamefanya kazi iliyo sawa na ya ghala zima la barafu, kwa sababu mbegu iliyogandishwa hailijui jua la mwaka huu wala mdudu wa mwaka huu. Inayopandwa ndiyo inayojifunza. Ukihifadhi bila kupanda, siku utakayofungua sanduku utakuwa na mbegu na hakuna anayekumbuka hupandwa kwa umbali gani, hupikwa na nini, huitwaje.

Ndiyo maana nina ombi, na sitawachelewesha tena. Kwenye meza pale mlangoni nimeweka bahasha za kaki. Kila mmoja achukue moja. Mkienda mashambani likizo hii, mwulizeni mama, shangazi, nyanya, kama bado ana mbegu asiyoinunua dukani. Mwombeni kiganja kimoja. Juu ya bahasha mwandike jina la mbegu kwa lugha ya nyumbani, mahali ilipotoka, na jina la aliyekupa, kisha mpande nusu hapa mtaani, hata kwenye gunia. Nusu ya pili ileteni ukumbini Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Zitakazokuwa nzuri tutazipeleka Muguga wenyewe, kwa matatu.